Jezi Kumi na Moja na Jani la Isale

Jumapili, tarehe 6 Julai 2025

Siku mbaya kwa watu wafupi.

Jana kocha wetu, Mwalimu Theopista, aliikusanya timu nzima sebuleni kwake hapa Kiboriloni tuangalie raga ya kimataifa. Alisema tutajifunza. Nimejifunza kwamba dunia imenigeuka. Mawinga wote ni majitu! Zamani kule pembeni mwa uwanja kulikuwa kwetu, sisi wembamba wenye mbio. Majitu yalikaa katikati yakisukumana kwenye skramu, nasi tunasubiri pembeni na jezi safi. Sasa wamechukua mtu mwenye mwili wa kabati, anakimbia kuliko mimi, wakampa nafasi yangu. Mpira ukipigwa juu anauchuma hewani kama parachichi. Ukimrukia, unabaki unaning'inia. Mmoja alimpita mtu kwa juu. Si pembeni. Juu!

Kocha akasimamisha picha. Akasema winga wa siku hizi ana kazi tatu: kukimbia, kurukia mipira ya juu, na kuingia katikati kuvunja ukuta. Sebule nzima ikageuka kunitazama. Nikakohoa. Basili, winga wetu wa kulia, akauliza kama sheria inaruhusu winga asimame juu ya kreti la soda. Watu wamecheka mpaka wengine wakatoka nje. Basili mwenyewe ananizidi kwa nywele tu.

Jezi namba kumi na moja ya Mbega wa Kiboriloni ni yangu tangu timu ilipoanzishwa. Hakuna mwingine aliyewahi kuivaa. Na Jumamosi ya tarehe 19 tunacheza hapa kwetu na Tarakea, ambao wanatupiga kila mwaka. Hatujawahi kupata trai hata moja kwao, yaani hatujawahi hata mara moja kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wao. Na mwaka huu mama anashuka kutoka Uru kunitazama kwa mara ya kwanza. Ameshaitangazia jumuiya yake nzima ya kanisani kwamba mwanawe ndiye winga. Nikiikosa jezi ile nitamwambia nini?

Nimeamua. Nitakuwa mkubwa.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Mtori wa ndizi na nyama asubuhi. Kiburu cha ndizi na maharage mchana. Mtori tena saa tisa, na ndizi za kuchoma katikati ili tumbo lisikae bure. Dada yangu Joyness, ambaye tunauza naye viatu vya mitumba sokoni, ameniuliza kama nina minyoo. Nimepanda mizani ya magunia kwa jirani anayeuza mahindi. Nimeongezeka! Jirani akasema mizani ile huwa inaongeza. Wivu tu.

Jioni mazoezi. Kocha kaanza na mbio, bahati yangu. Mimi nilikimbia na mtori ukakimbia, lakini kila mmoja upande wake. Nimefika wa mwisho, nyuma hata ya wale wanene wa skramu. Kocha amesema kwa upole kwamba kuwa mkubwa mwenye mbio ni jambo moja, na kuwa mkubwa tu ni jambo lingine.

Kisha akamleta.

Anaitwa Gabriel. Anapakia miwa kule chini kwenye mashamba ya sukari. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kufanya kazi huko. Mrefu, mpana, mpole. Kocha alimwona kwenye mashindano ya mbio ya vijana wa mashambani, akamfuata mpaka kwao. Gabriel alinijia mkono mbele na kuniambia shikamoo. Shikamoo! Mimi nina miaka thelathini na sita!

Mpira wa kwanza ukapigwa juu. Nimeruka kwa nguvu zangu zote, na nikiwa kileleni mwa kuruka kwangu, nilikuwa nikitazama kwapa lake. Akaudaka kwa mkono mmoja na mwingine akanishika nisianguke vibaya. Halafu akakimbia. Alikuja na mabuti ya mpira ya shambani, akayavua, akakimbia peku. Hakuna aliyemgusa. Basili alijaribu na sasa ana alama ya kisigino cha Gabriel kwenye paja, anaionyesha watu kama cheti.

Tatizo moja tu. Hana njumu. Anavaa namba arobaini na tisa, na timu nzima haina mguu wa hivyo. Kocha akanigeukia. Akasema wewe Rogath ndiye mtu wa viatu, kama zipo Moshi hii wewe utazipata. Wote wakanitazama kwa matumaini. Nikasema nitajitahidi. Nililisema kwa sauti nzuri sana.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Aisee.

Leo tumefungua belo jipya la viatu vya michezo. Juu juu raba za watoto. Katikati viatu vya tenisi, mguu mmoja mmoja, wenzao sijui walibaki nchi gani. Chini kabisa, zimekandamizwa, njumu. Nyeusi. Vyuma vyote vipo. Nimezigeuza kutazama soli. Arobaini na tisa!

Nimekaa kwenye maviatu yale nikiwa nimezipakata kama mtoto mchanga. Katika miaka yangu yote ya mitumba sijawahi kupata njumu zaidi ya arobaini na sita. Zimekuja wiki hii. Zimekuja kwangu. Mtu mwingine angesema ni ishara kwamba nimpe Gabriel. Mimi nimeona wazi kwamba ni ishara kuwa nizifiche, maana kama zingetakiwa kumfikia zingeangukia kibanda cha mtu mwingine.

Zimo ndani ya gunia, chini ya meza, chini ya sendozi za akina mama. Nimempigia kocha nikamwambia nimezunguka soko zima, hakuna. Nikaongeza kwamba miguu ya namna ile huenda hata kiwandani wanaikataa.

Mchana roho ilinisuta kidogo. Lakini nikapata wazo, na lazima niliandike hapa kwa sababu ni wazo kubwa. Isale! Kwetu Wachagga mtu akikukosea akakuletea jani la isale, huwezi kukataa kumsamehe. Hata kama alihamisha mpaka wa shamba. Hata kama mligombana tangu babu. Basi mimi nitachuma jani mapema, nilitunze mahali salama, na mechi ikiisha nampelekea Gabriel. Msamaha umeshapangwa kabla ya kosa kukamilika. Hivi wazee wetu wote hawakuliona hili?

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Asubuhi ukungu, uwanja umelowa. Gabriel amekimbia peku, akateleza kila kona. Mara ya mwisho aliteleza mpaka kwenye mahindi ya watu. Kocha alisikitika. Amesema hawezi kumpeleka kijana peku mbele ya njumu za Tarakea, watamkanyaga vidole. Jezi inabaki kwa Rogath. Nikainamisha kichwa kwa huzuni ili wasione meno.

Saa nne nilikuwa kibandani, nani anatokea? Gabriel, na mzigo wa miwa begani. Ameniletea mimi. Akasema, "Kaka Rogath, nimesikia umehangaika soko zima kwa ajili yangu. Sina cha kukupa." Nikamwambia karibu ukae. Akatazama huku na huku akitafuta kiti, akakaa juu ya gunia. Gunia lile lile! Nilisikia vyuma vikilia chini yake. Nikaanza kukohoa, nikakohoa mpaka Joyness akaniletea maji.

Akaniomba nimfundishe chenga. Anasema mbio anazo, nguvu anazo, lakini akikutana na mtu uso kwa uso hajui afanye nini zaidi ya kumpitia. Ningeweza kukataa. Lakini hakuna aliyewahi kuniomba nimfundishe kitu, na chenga ninaijua. Tukaenda nyuma ya vibanda. Nimemwonyesha jinsi ya kutazama kushoto na kwenda kulia, jinsi ya kufupisha hatua kabla ya kubadili. Alishika haraka kiasi cha kuniudhi. Mtu mwenye mwili ule hastahili chenga. Akicheka, anacheka na mabega.

Jioni tena kwa kocha, mechi nyingine ya kimataifa. Majitu tena. Safari hii kulikuwa na winga mdogo upande wa pili, na mara mbili alipita bila kuguswa. Kocha akarudisha picha tuone vizuri. Akasema angalieni, jitu likishika mpira linavuta watu wawili watatu, basi mdogo wa upande wa pili anabaki na uwanja wake. Mkubwa hajamfukuza mdogo, amemfungulia mlango. Alinitazama mimi akisema hivyo. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nafikiria mahali pazuri zaidi pa kuficha gunia.

Muwa ulikuwa mtamu. Nimekula wote.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Balaa! Balaa! Balaa!

Nilikwenda Bomang'ombe kufuata mikanda na kamba za viatu. Nimerudi mchana. Joyness ananiambia kwa furaha kwamba yule rafiki yako mkubwa alipita kumtafutia mama yake sendozi. Na yeye Joyness, katika kupekua, kalifungua gunia. Na katika gunia, njumu. Akamwambia Gabriel, hizi lazima kaka amekuwekea wewe, hapa sokoni nani mwingine ana mguu huu? Gabriel akazivaa pale pale. Zimemkaa kama alizaliwa nazo. Joyness anasema alikaribia kulia.

Nilimwuliza Joyness ni nani alimtuma apekue. Akanijibu kwamba hiki ni kibanda chake pia, na kwa nini sura yangu imekuwa hivyo.

Jioni Gabriel ameniinua juu mbele ya timu nzima. Ameniinua kabisa, miguu yangu ikaning'inia. Amesema kaka Rogath alizipata, akazificha amshtukize. Nifanye nini? Nikasema ndiyo. Nikasema nilitaka iwe siku ya mechi yenyewe. Wakanipigia makofi, hata Basili.

Kocha hakupiga makofi. Alisubiri watu watawanyike, akaniambia taratibu kwamba yeye anakumbuka simu yangu ya Alhamisi. Halafu akasema, "Mimi mtu wa Kibosho, Mchagga mwenzako, Rogath. Hutanidanganya kwa kukohoa." Basi. Kisha akasoma majina ya Jumamosi. Kumi na moja, Gabriel. Kumi na nne, Basili. Mimi ni ishirini na tatu. Nakaa benchi.

Nimempigia mama kumweleza. Nimemwambia nimepandishwa kutoka kumi na moja hadi ishirini na tatu. Amefurahi sana. Anaitangazia jumuiya.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Nimetafakari. Kocha akiamua kuzungumza, nimekwisha. Lakini kama Gabriel ameshapokea isale, kesi imefungwa, na hakuna mtu wa Kibosho atakayefungua kesi iliyofungwa na isale. Kwa hiyo nisisubiri mechi. Nimechukua jani langu nikashuka mashambani.

Nilimkuta nyumbani kwao, mama yake anaota jua mlangoni, mbuzi amefungwa kando. Nikamwamkia mama. Nikasimama wima, nikamkabidhi Gabriel jani kwa mikono miwili, kichwa chini. Kwetu huhitaji kusema, jani linasema lenyewe.

Gabriel akaligeuza. Akalinusa. Akaniuliza kama ni la chai.

Nilisahau! Mtu wa Kigoma! Mama yake akaja kulitazama, akasema labda ni dawa ya mifugo, akalisogeza kwa mbuzi. Mbuzi akanusa akageuka. Nimelinyakua. Gabriel akauliza kwa heshima zote, "Sasa kaka, hili ni la nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo na kusema. Maneno yalikuwa machache. Mama yake alikuwa ananitazama na sendozi zake mpya mguuni.

Nikasema ni la bahati. La mechi. Akafurahi! Akasema atalivaa.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Nitaeleza kwa mpangilio.

Mama alifika mapema na kina mama wenzake, khanga za kufanana. Waliketi mstari wa mbele. Mama akawaonyesha mimi nilipo, kwenye benchi, akasema yule aliyepumzishwa ndiye mwenye namba kubwa kuliko wote.

Tarakea walianza kwa kutubana. Wamo vijana wa Rombo, na wamo waliovuka kutoka upande wa Kenya, ambao wameshika mpira huu tangu shule ya msingi. Tukashikilia. Halafu flai-hafu wetu, mpigaji wetu wa mateke, akapiga mpira juu, juu kabisa, ukapotea kwenye ukungu. Ulipotokea, Gabriel alikuwa ameshapaa. Nimemwona vizuri kutoka benchi. Watu watatu waliruka naye na wote watatu walikuwa wanamtazama kwapa. Nikawaonea huruma, napajua pale.

Akadaka. Akashuka. Akakimbia! Akampitia mmoja. Wa pili akapigwa chenga, chenga yangu, tazama kushoto nenda kulia, nikajikuta nimesimama juu ya benchi napiga kelele. Amebaki wa mwisho, kijana wa Rombo mwenye shingo nene, anayejua kazi yake. Akainama kumkamata miguuni kama inavyotakiwa. Na pale mguuni, ndani ya soksi, likiwa limesimama la kijani mbele ya pua yake, jani la isale.

Kijana alisita. Nusu hatua tu. Nani wa huku mlimani atamwangusha mtu aliyebeba isale? Na kwa winga wa aina ile nusu hatua inatosha na chenji inabaki. Trai! Trai yetu ya kwanza kwa Tarakea tangu timu iwepo!

Yule wa Rombo akaenda kwa refa analalamika. Refa ni Mkenya. Akasikiliza kwa makini, akasema sheria za raga hazitaji majani. Hata hivyo akaagiza litolewe soksini. Kocha akalichukua, akalitazama, akanitazama mimi. Nikapata kitu cha kufunga kwenye kiatu changu.

Kipindi cha pili Tarakea wakamwekea Gabriel watu watatu kila aendako. Wanatuongoza kwa pointi chache. Basili akaumia kifundo cha mguu. Kocha akageuka benchi. Tulikuwa wengi pale. Akaniita mimi.

Dakika za mwisho. Gabriel akapewa mpira, akaja nao katikati, watatu wakamrukia, wa nne naye akaja kusaidia. Walimning'inia kila mahali, na bado anatembea. Katikati ya mikono yote ile mkono wake mmoja ukatokea na mpira, akaniita jina. Nikaupokea. Nikainua macho.

Hapakuwa na mtu. Nyasi tu, mpaka kwenye mstari. Mlango wenyewe aliosema kocha! Nimekimbia. Wiki nzima sikugusa mtori, namshukuru Mungu. Nilisikia miguu nyuma yangu na nikasikia sauti ya mama ikinitaja mpaka jina la ukoo. Nikajirusha na mpira kwenye kona.

Tumeshinda. Tumewafunga Tarakea. Mimi nimefunga.

Ningependa kuishia hapo. Lakini wakati tunarushana juu, mama akaingia uwanjani na kumwendea kocha. Jani lilikuwa bado mkononi mwa kocha. Mama akalichukua, akauliza kwa sauti ile ya kanisani, "Nani alimpa huyu kijana isale? Alimkosea nini?"

Wachagga wote pale walikuwa wameliona jani na wote walikuwa na swali hilo hilo. Yule wa Rombo mwenye shingo nene akasema naye angependa kujua, kwa sababu limemgharimu. Mimi nikajaribu kukohoa. Kocha akasema, "Rogath."

Nikasema. Nimesema kwamba nilizificha njumu. Kwamba haikuwa zawadi. Kwamba niliitaka jezi.

Nimeona uso wa Gabriel ukibadilika, na nilitamani anipitie kama anavyowapitia wengine, ningeumia kidogo kuliko vile. Akauliza, "Lile gunia nililokalia?" Nikasema ndiyo. "Siku ya miwa?" Ndiyo. Akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema alishangaa gunia gani la sendozi linachoma vile, na kwamba mtu anayemchukia kweli asingempa chenga yake. Mama akamweleza maana ya isale na jinsi ya kulipokea. Akalipokea upya, kwa mikono miwili. Akasema, "Yameisha, kaka."

Nililia. Naandika wazi, nililia mbele ya Tarakea.

Kisha nikasema mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kwamba kumi na moja ni ya Gabriel, leo na siku zote. Mama alinifuta uso na khanga. Akaniambia alijua tangu Jumatatu kwamba ishirini na tatu ni benchi, yeye si mjinga. Lakini nilikimbia vizuri, na ameona kwa macho yake.

Jumanne, tarehe 22 Julai

Nimeamka mtu mpya. Nimemfundisha Gabriel chenga ya pili, naye amenifundisha jinsi ya kuruka bila kufumba macho. Kocha anasema tukiwa sisi wawili, mkubwa huku na mdogo kule, hakuna timu Kilimanjaro itakayolala usingizi. Mechi ya marudiano ni mwezi ujao, kwao kule Tarakea. Mama ameshakodi gari na jumuiya nzima. Amewaambia safari hii naanza.

Mkubwa huku, mdogo kule. Nimelifikiria sana neno la kocha. Kule ni upande wa kulia. Upande wa kulia ni jezi kumi na nne. Jezi kumi na nne ni ya Basili, na kifundo chake kinapona kwa kasi inayotia wasiwasi.

Leo asubuhi Basili amepita kibandani, ameacha njumu zake tumshonee soli kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Nikamwambia asiwe na shaka.

Zimo kwenye gunia. Siyo lile, Joyness ameshalijua, ni jingine. Basili bahati nzuri ni mtu wa Machame, anajua mambo yetu, hataniuliza kama ni la chai. Nimeshachuma jani.